Kuku Wasiofungwa Kamba

Wamucii hakufungua mlango wa kuku hata siku moja bila kupiga hodi. Asubuhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya miti ya miwati, alisimama mbele ya kibanda na shali yake mabegani, akagonga ubao kwa kidole kilichokunjwa na kusema, "Hodi, wenye nyumba." Kisha alingoja. Ndani kuku mmoja angejibu kwa ile sauti yao ya chini, ya kinywa kilichofumbwa, na hapo ndipo alipoondoa komeo. Jioni ilikuwa vilevile: hodi, punje chache za mtama mlangoni, kisha komeo. Mvua ilipomwagika alipiga hodi. Alipokuwa na homa alipiga hodi. Siku aliyotoka kumzika dada yake Murang'a, alishuka kwenye basi na vumbi la safari usoni, na kabla hajaulizwa habari za mazishi alikuwa ameshafika kwa kuku.

Virginia, mke wa mwanawe, alipoolewa alidhani mama mkwe wake ana kasoro kidogo kichwani. Aliliweka moyoni, maana bibi harusi hasemi kila anachokiona.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na nane, kwenye shamba lililokuwa la mzungu mmoja, mkulima wa ngano, kati ya Cheptiret na Burnt Forest. Uhuru ulipokuja mzungu alilima misimu michache akisikiliza redio, kisha akauza akaenda zake. Walionunua walikuwa watu wengi waliojiunga katika kampuni ya ardhi, wengi wao kutoka Murang'a na Nyeri, kila mtu na hisa yake. Lakini hisa si shamba. Mpaka wapima ardhi waje, wakate vipande, watu wapige kura ya nani achukue kipi, hakuna aliyejua mahali pake. Kwa hiyo walijibanza pamoja katika majengo ya mzungu: hawa katika ghala la ngano, wale katika chumba cha kukamulia, wengine katika jumba lenyewe, familia moja kwa kila chumba na moja bafuni.

Wamucii na Virginia walipewa chumba cha farasi. Kilikuwa na mlango uliokatwa katikati, ukafunguka juu na chini, na ukutani kulikuwa na hori la mbao lililotafunwa ukingo na farasi waliokwisha kuondoka. Nderitu, mume wa Virginia, alifanya kazi ya reli Nakuru na alifika mwisho wa mwezi tu, akalala usiku mmoja au miwili, akarudi. Hivyo wanawake hawa wawili, ambao walikuwa hawajuani, walibaki kutazamana juu ya jiko moja.

Kilichomsumbua Virginia si kule kupiga hodi. Ni sanduku. Wamucii alikuwa na sanduku la bati la rangi ya samawati, limefungwa kamba ya katani. Kila alipohitaji kitu alifungua kamba, akatoa kitu hicho tu, akakitumia, akakirudisha, akafunga kamba tena. Vikombe viliishi sandukuni. Blanketi la pili liliishi sandukuni. Hata picha ya marehemu mumewe, ambayo mtu yeyote angeitundika ukutani, ilikuwa humo.

"Mama," Virginia alimwambia siku moja, "nikutolee vitu nivipange pale juu ya hori? Kumekauka vizuri."

"Usiguse."

"Ni kwa sababu ya panya nilisema."

"Panya nitawaua mimi."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Virginia alifikiri mazungumzo yameisha, lakini Wamucii akaanza kusema, macho yake yakiwa kwenye ungo.

"Murang'a nilikuwa na kuku wengi, mwanangu. Walilala nyumbani mwangu, upande wa mbuzi, karibu na moto. Ilipofika hali ya hatari tukaambiwa tuhamie kijijini, kule kwenye handaki na miti iliyochongwa ncha. Tulipewa muda wa kubeba godoro tu. Kuku walipanda mti wakakaa wakinitazama. Na huko kijijini, homgadi, wale walinzi wa serikali, hawakujua hodi. Walifungua mlango kwa teke. Nikasema nikitoka hapa, mlango wa mtu, mlango wa mbuzi, mlango wowote ule, nitaupigia hodi mpaka nife."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kazi ya katani, karibu na Thika. Nikaanza tena na kuku mmoja. Wakawa wengi. Tukahamishwa kutoka kambi ya juu kwenda kambi ya chini, mwendo wa kukohoa tu, si mbali. Nikafanya kama watu wanavyofanya. Si wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni? Nikawafunga kamba juma zima. Nilipowafungua, siku ileile wakarudi kambi ya juu, na kule sufuria iliwangoja." Alitupa haragwe bovu nje ya mlango. "Kamba haimfundishi kuku mahali. Inamfundisha kamba."

Virginia alicheka kidogo. Wamucii hakucheka. Tangu siku ya harusi Virginia hakuwa amemwona akicheka.

"Sasa nisikilize. Hawa kuku niliokuja nao hapa sitawafunga. Tukipewa shamba letu nitawapeleka, nitawafungulia. Jioni wakiingia ndani kwa miguu yao, nami nitafungua sanduku. Wakipakataa, nami nimepakataa. Kaka yangu amenitengea kona kule Murang'a."

"Mama! Utafuata kuku?"

"Moyo wangu umenidanganya mara nyingi, mwanangu. Kila mahali niliambiwa hapa ndipo kwenu, nikaamini. Kuku hadanganyiki. Pa kulala anapajua."

Virginia aliinuka akatoka nje. Alisimama akitazama uwanda ule mpana, nyasi za rangi ya simba zikilala upepo ulipopita, na mbali lori likipanda barabara ya Nakuru. Alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mume mwisho wa mwezi. Na mama huyu, pamoja na ukali wake, ndiye peke yake angekuwa naye katika shamba tupu, kipande cha ardhi kisicho na nyumba wala jirani anayemjua. Akaona wazi kwamba kukaa au kuondoka kwa mama mkwe wake kumewekwa juu ya migongo ya kuku. Tangu siku hiyo akaanza kuwapenda kuku, kama mtu anavyompenda hakimu.

Wakaanza kujenga. Wamucii alisema nyumba ya kuku ijengwe kabla ya kura, kuku waizoee, kisha ihame nao. Hakuna aliyejua itahamia wapi, kwa hiyo ilibidi iwe nyumba ya kubebeka. Alitengeneza kitu alichokijua: kibanda cha fito kilichosukwa, chenye miguu minne na sakafu yenye nafasi ili mavi yadondoke chini, na miti miwili mirefu ubavuni ya kubebea, kama machela. Virginia aliparua fito nyembamba za kulalia akazipanga ndani kama ngazi. Kilipendeza. Wanaume waliokuwa wakicheza bao kwenye ngazi za jumba walikisifu.

Aliyekicheka ni Rael. Rael alikuwa mwenyeji; mumewe, Kipyego, alikuwa amemfanyia mzungu kazi ya kuendesha ng'ombe miaka mingi, na sasa walikuwa na shamba lao ng'ambo ya kijito. Alileta maziwa kila asubuhi ndani ya kibuyu, na hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Mama Nderitu, hii ni nini?"

"Nyumba ya kuku."

"Hapana. Hii ni ghala ya mahindi. Mahindi haisikii baridi."

"Kwetu zote zinajengwa hivi, na hakuna kicheche wala nguchiro anayefika."

"Kwenu ni kwenu." Rael aliinama akapitisha mkono chini ya sakafu, akachezesha vidole kupitia fito. "Ona. Hata mimi naingia, na mimi ni mnene. Upepo ya hapa si itaingia?"

Wamucii alishukuru kwa maziwa, kwa adabu sana. Mwezi wa saba ukaja. Asubuhi moja umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya nyasi, ukilia chini ya miguu kama chumvi. Wamucii akapiga hodi. Hakukuwa na jibu. Alipofungua, tembe mmoja wa kuku, yule mwenye madoadoa, alikuwa chini, amekauka. Jogoo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na ncha za kilemba chake zimekuwa nyeusi kama zilizounguzwa. Wengine walibadilisha miguu, wakiinua huu, wakiinua ule, kama watu wanaokanyaga majivu ya moto.

Wamucii aliwabeba mmoja mmoja akawatia ndani ya chumba cha farasi. Jioni Virginia alimwona akifunga kamba ya sanduku upya, kwa nguvu zaidi, ingawa haikuwa imelegea.

Usiku ule Virginia alilala macho, na alfajiri ndipo alipoona. Kuku walikuwa wamejichagulia mahali wenyewe. Kulikuwa na chuma cha kufungia farasi, chembamba, cha juu zaidi ya vyote, na hakuna kuku aliyepanda hapo. Wote walikuwa kwenye ukingo wa hori, ule ubao mpana uliotafunwa, wamejipanga bega kwa bega. Na walikuwa wameketi, hawakusimama. Matumbo yao yalifunika miguu yao kabisa, kama mwanamke anavyokunja sketi yake juu ya miguu.

"Mama," aliita kwa kunong'ona. "Mama, amka uone vidole vyao."

"Vidole gani?"

"Ndiyo hiyo. Havionekani."

Wamucii aliinuka akaja na shali yake, akasimama kando yake akitazama. "Fito zako zilikuwa nyembamba," alisema mwishoni.

"Sakafu yako ilikuwa na matundu, mama."

Virginia alishangaa kwamba ameyasema. Mama mkwe wake aligeuka, akamkagua kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akasema tu, "Weka chai."

Waliibomoa ile ghala ya kuku siku hiyohiyo. Mpya ilichukua majuma mengi kwa sababu kila kitu kilijengwa mara mbili. Wakatumia mbao za masanduku ya mzungu, wakiigonga misumari yake ya zamani iwe minyoofu juu ya jiwe. Ukuta wa fito wakaukandika kwa udongo, majivu na mavi ya ng'ombe, Rael akiwaonyesha kipimo kwa viganja vyake na kumtania Virginia kwamba anakandika kama anayepaka mtoto mafuta. Paa likawa la madebe yaliyopasuliwa na kupondwa. Ndani wakaweka mbao pana za kulalia, na Wamucii akakataa katakata zipishane kimo.

"Usawa mmoja. Ukiweka wa juu na wa chini watapigania wa juu mpaka asubuhi, kama kamati yetu."

Mara ya kwanza waliziba kila tundu, wakiogopa baridi. Baada ya siku chache Wamucii alitia kichwa ndani akakitoa upesi. Pumzi za kuku zilikuwa zimegeuka maji, ukuta unatiririka, na kulikuwa na harufu ya kutoa machozi. Akachukua panga akakata mwanya chini ya paa, pande mbili, juu ya vichwa vya kuku walipolala. Virginia akauliza kama baridi haitaingia.

"Iingie. Baridi si adui. Adui ni upepo unaokupiga kifuani umelala. Wenyewe wana manyoya, sisi ndio tumevaa vitambaa."

Lakini sasa nyumba ilikuwa nzito. Udongo, mbao, madebe: wanaume wanne waliijaribu kwa ile miti ya kubebea, wakainua upande mmoja, wakatazamana, wakaishusha. Virginia aliona uso wa Wamucii ukififia. Wameijenga nyumba nzuri isiyoweza kwenda popote.

Jibu lilipita njiani kila siku wakiwa hawalioni. Watu wa huku walichota maji kwa pipa lililofungwa juu ya gogo lenye panda, gogo zima la mti lililokatwa pale linapogawanyika mara mbili, likakokotwa chini na ng'ombe wawili. Halina gurudumu la kuvunjika wala kukwama matopeni. Kipyego alikuwa akipita nalo asubuhi moja, maji yakicheza ndani ya pipa, Wamucii akamsimamisha.

"Mzee Kipyego, hiyo kitu yako inaweza kubeba nyumba?"

"Nyumba ya nani?"

"Ya kuku."

Kipyego alivua kofia, akaitazama nyumba ya kuku, akaivaa tena. "Mimi nimevuta mawe. Nimevuta pipa. Nimevuta hata mzungu mwenyewe, siku alilewa akashindwa kutembea. Kuku bado."

"Basi utaanza na mimi."

"Lakini wakinyea ng'ombe yangu mgongoni?"

"Watakuwa nyuma, mzee. Labda ng'ombe awanyee wao."

Kipyego alikata gogo jipya la mti mgumu, lenye panda pana, na nyumba ikajengewa juu yake, ikafungwa kwa waya. Kuku wakahamia. Kila asubuhi hodi, kila jioni hodi na mtama.

Wapima ardhi wakaja mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na kura ikapigwa mbele ya jumba. Wamucii alitia mkono ndani ya kofia akatoa namba ya kipande cha kule chini, karibu na kijito, ng'ambo kidogo tu ya kwa Rael. Watu walimpongeza. Naye aliitikia, akaenda kukaa juu ya sanduku lake.

Mwenyekiti, Joseph Kinyanjui, mtu wa koti refu na sauti ya kanisani, akatangaza kwamba Jumamosi kila familia iwe imehamia kwake, maana mazizi yatafagiliwa yawe darasa la watoto. Kisha akainua kidole.

"Na jambo la kuku. Tunajua tabia ya kuku. Atakuja kulala mahali alipozoea, na sisi hatutaki mavi ya kuku darasani. Kuku atakayeonekana hapa kuanzia Jumamosi jioni atakuwa amejitolea kwa wapima ardhi. Sivyo, Musimbi?"

Musimbi, mpishi wa wapima ardhi, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Mimi siwaiti, mwenyekiti," alisema. "Wakija wenyewe nitawakaribisha."

Watu wakacheka, lakini usiku huo kila mama alikuwa akisokota kamba.

Asubuhi ya Jumamosi Kipyego alifika kabla ya jua na ng'ombe wake wawili. Wakafunga nira. Wamucii akapiga hodi kwenye ubao, lakini hakufungua, akainama tu karibu na mwanya akasema, "Mshikane, tunaondoka." Ng'ombe wakavuta. Nyumba ikalia, ikaguna, ikaanza kuteleza juu ya nyasi zenye umande, na kutoka ndani ikasikika kelele ya mkutano mkuu uliovunjika.

"Jamani, njooni muone!" mtu aliita kutoka ghalani. "Kuku wanahama na nyumba yao! Sisi tuliolala bafuni hatukufikiria hilo!"

"Mama Nderitu, umewakatia tikiti?"

"Waulize wenyewe," Wamucii alijibu bila kugeuka. Virginia alifuata nyuma na sufuria kichwani, tumbo sasa likionekana kwa kila mtu, akitembea polepole kwa sababu ya utelezi. Sanduku la samawati lilikuwa juu ya paa la nyumba ya kuku, na kamba yake.

Kwenye kipande chao hakukuwa na kitu ila mawe ya mpaka, nyasi, na kibanda cha mabati ambacho Nderitu alikuja kukisimamisha siku mbili kabla. Wakaiweka nyumba ya kuku mgongo wake upande upepo unakotokea, mlango ukitazama kijito. Wamucii akafungua. Kuku wakatoka mmoja mmoja, wakasimama wakigeuza vichwa, jicho moja kisha jingine. Kisha wakaanza kuchakura, kama kuku popote.

Siku ilikuwa ndefu. Virginia aliwasha moto, akapika, akasahau kutia chumvi. Rael alivuka kijito kuja kutazama, akauliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyefungwa, akajibiwa, akatikisa kichwa akakaa kungoja pamoja nao.

Jua liliposhuka, jogoo aliinua kilemba chake kilichokatika ncha. Akatazama juu kilimani, kule paa za mzungu zilipoonekana kati ya miti. Akaanza kutembea. Kuku wawili wakamfuata, kisha wengine wote, wakipanda njia ileile gogo lililokuwa limeichora asubuhi.

"Tuwazuie!" Virginia aliruka.

"Kaa."

"Mama, wanaenda!"

"Naona. Hatuwaiti, hatuwazuii. Tulisema."

Uso wa Wamucii haukuwa na hasira. Ulikuwa umetulia, na hicho ndicho kilichomwogofya Virginia. Ni utulivu wa mtu anayepokea habari aliyoizoea. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kamba ya sanduku, ukihakikisha fundo. Upepo wa jioni ulianza kutoka upande wa Ainabkoi, ukipenya mashali. Kuku walifika mpakani, kwenye jiwe la juu.

Virginia hakufikiri. Alikwenda kwenye nyumba ya kuku, akakunja kidole, akagonga ubao kama alivyosikia ukigongwa kila siku ya ndoa yake.

"Hodi! Hodi, wenye nyumba!"

Kule juu kuku walisimama. Jogoo aliendelea, na mmoja nyuma yake. Lakini yule jike mkubwa wa kahawia, aliyezeeka kuliko wote, aligeuza kichwa. Akatazama nyumba. Akatazama mgongo wa jogoo. Upepo ukampiga ukainua manyoya yake, akajikunja, kisha akaanza kushuka, kwanza kwa mwendo, halafu kwa mbio zile za kuku zisizo na heshima, mabawa yakiwa wazi. Wengine wakamfuata kwa fujo.

Wamucii alikuwa amesimama. "Nilisema tusiwaite!"

"Sikuwaita, mama," Virginia alisema, akihema. "Nimewapigia hodi tu."

Rael aliziba mdomo kwa mkono. Na Wamucii, kwanza mabega yake yakatikisika, kisha sauti ikatoka, nene, ya chinichini, kama kitu kilichokaa muda mrefu mahali pa giza. Alicheka mpaka akaketi chini nyasini. Alicheka akifuta macho kwa ncha ya shali, na kuku wakawa wanapita mbele yake mmoja mmoja, wakiingia ndani, wakipanda ubao mpana na kujipanga bega kwa bega. Yule aliyemfuata jogoo naye akarudi, amechelewa, akijifanya hakuwa ametoka.

Jogoo hakurudi. Alitembea peke yake mpaka zizini, akaingia kifua mbele, na Musimbi akamkaribisha. Kule juu, walisikia kesho yake, jioni ile kuku wa watu wengi walifika wakiburura vipande vya kamba miguuni, mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wa shule, na wapima ardhi walikula vizuri mpaka kazi yao ikaisha.

"Alikuwa na kelele," ndiyo maombolezo yote ambayo Wamucii alimpa jogoo wake. Juma lililofuata Rael alivuka kijito na jogoo mchanga mwekundu kwapani, akamtia mlangoni mwa nyumba ya kuku bila hotuba yoyote. Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka, akarudi akagonga ubao. "Hodi," alisema, akicheka. "Si hapa ndio desturi?"

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Jioni ile ya kwanza Wamucii alitia komeo, akaingia kwenye kibanda cha mabati, akapiga magoti mbele ya sanduku. Fundo lilikuwa limekazwa sana. Ilibidi alikate kwa kisu. Akatoa vikombe. Akatoa blanketi. Akatoa picha ya mumewe, akatazama huku na huku akitafuta msumari. Virginia alimpa mmoja wa ile iliyonyooshwa juu ya jiwe. Kamba ya katani ilitumika asubuhi kuanikia nguo.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, msichana, akaitwa Wamucii kama desturi inavyotaka. Nyumba ya kweli ilijengwa, na miti ya matunda iliyopandwa ikafa kwa baridi, ikapandwa mingine. Nyumba ya kuku iliendelea kusogezwa mara moja moja, Kipyego akija na ng'ombe wake, ili nyasi zilizochakurwa zipumzike. Popote iliposimama viazi vilivyopandwa baadaye vilikuwa vikubwa. Wake wa wenye hisa wengine walikuja kuitazama, wakaiga ubao mpana na mwanya wa juu. Kinyanjui mwenyewe alikuja na koti lake, akatia kichwa ndani, akasema ina hewa nzuri kuliko ofisi ya kampuni. Miaka ikapita na mchwa wakala gogo lile, panda moja kisha ya pili, mpaka nyumba ikakaa chini kabisa, na hakuna aliyeona haja ya kukata lingine.

Mwaka wa sabini na tisa kifua cha Wamucii kilianza kumshinda. Mvua za Aprili zilipofika hakuweza tena kutoka kitandani, na ikawa Virginia ndiye anayekwenda kwa kuku asubuhi na jioni. Alipiga hodi. Hakuwahi kuamua kuipiga. Kidole kilijikunja chenyewe.

Jioni ya mwisho alirudi ndani na matone ya mvua kwenye kitambaa chake, akasimama mlangoni akipangusa miguu. Mtoto mkubwa alikuwa mezani na vitabu vyake, mdogo amelala, na Nderitu, aliyekuwa amekwisha kuacha reli, alikuwa akichochea moto. Wamucii alifungua macho.

"Umewapigia hodi?"

"Nimewapigia, mama."

"Wakakujibu?"

"Wamenijibu."

Wamucii aliyatembeza macho chumbani polepole, kwa mmoja baada ya mwingine, kama alivyozoea kuwatazama kuku kupitia mwanya kabla ya kutia komeo.

"Basi funga mlango, mwanangu," alisema. "Sote tumeingia."